Kuhusu Monita Itakayoonekana na Watu Wachache Iwezekanavyo

Kwa Mkurugenzi wa Studio, ambaye pia ni Shemeji yangu,

Nimeanza na cheo chako ili ujue kwamba hili ni jambo la kazi. Ningetaka tuzungumze kindugu ningekualika nyumbani, dada yako angetuletea chai, na mwishowe tungeishia kuongea habari za mpira.

KUHUSU: KUKATAA MONITA YA KUPACHIKA JUU YA KAMERA

Kichwa hicho kinajieleza, lakini nitaeleza tena kwa sababu nakufahamu. Umenitumia picha za monita tatu ukaniagiza nichague moja: ya inchi tano, ya inchi saba, na ile unayosema inang'aa hata juani. Unataka iwe imefika kabla ya Jumamosi, siku ambayo binti yangu, yaani mpwa wako, anaolewa, na mpiga video ni mimi. Nashukuru kwa moyo huo. Ila harusi ya mwanangu hairudiwi, na sitaki iharibike kama ile ya mwezi uliopita tulipojaribu monita ya kuazima. Kwa hiyo nalalamika rasmi, na kwa namba.

1. Watu wanaona. Hili ndilo kosa la msingi la kifaa hiki. Tangu nianze kazi nimetazama picha kwa kitundu cha kuchungulia cha kamera, jicho moja nimelifumba, la pili limezama kwenye raba inayokizunguka kitundu hicho. Ninachokiona nakiona peke yangu. Mteja anaiona harusi yake ikiwa imeshakatwa, imeungwa na kutiwa muziki, na kufikia hapo ameshasahau mambo yalivyokuwa. Utaratibu huu umeleta amani katika familia nyingi.

2. Shangazi. Siku ile ya kuazima, shangazi wa bwana harusi, ambaye ukumbi mzima ulikuwa ukimwita Kamishna, alipita nyuma yangu akienda kunawa mikono. Akaona kioo. Hakwenda tena kunawa. Alisimama begani kwangu akaniamuru nisogee kushoto, kisha akasema yule mwenye miwani hamtaki, nimtoe. Kumtoa mtu kwenye picha si kazi, shemeji, lakini Kamishna alimaanisha nimtoe ukumbini. Aliponiona nasitasita aliwaita wenzake waje wanishauri, nao hawakuwa na simile. Miaka yote hii sikujua kwamba nina mabosi wengi kiasi hicho.

3. Milia. Wewe ni mtu wa ofisini, hivyo acha nikueleze. Mahali palipopigwa na mwanga kupita kiasi, monita inachora milia kama ya punda milia ili mpiga video apunguze mwanga. Milia hiyo iko kwenye kioo tu, kwenye video haimo. Sasa, baba wa bibi harusi ana upara safi, na taa kubwa ilikuwa juu yake. Baada ya kutoa nasaha aliomba nimrudishie kile kipande ajione. Akajiona kichwa kizima kina milia. Nilimweleza mpaka koo likanikauka. Alinijibu kwa upole kwamba amekaa na kichwa hicho maisha yake yote na hakijawahi kumfanyia hivyo, kwa hiyo tatizo limeanza na mimi. Alimaliza sherehe akiwa amevaa kofia ya dereva wa maharusi.

4. Kitufe cha pembeni. Ukikibonyeza, rangi zote zinageuka ili ujue mwanga umekaaje: penye giza panakuwa buluu, panapong'aa sana pekundu, na uso uliopata mwanga sawasawa unakuwa kijani. Ni kitufe kizuri kwa mtu aliyesoma maelekezo. Kamishna alikibonyeza kwa kiwiko. Mama wa bibi harusi akamwona mwanawe kijani kibichi kuanzia kidevuni hadi kwenye paji la uso, naye hakuniuliza mimi, alimfuata mpambaji. Mpambaji wa watu akamfuta bibi harusi uso mzima na kuanza upya mbele ya wageni. Alipomaliza, bibi harusi bado ni kijani. Hapo ndipo walipoanza kumuuliza bwana harusi amemlisha nini.

5. Keki. Kufikia wakati wa kukata keki, habari zilikuwa zimeenea kwamba nyuma yangu ndiko kunakoonekana vizuri. Wageni wakaacha viti vyao. Wazee wakapewa nafasi za mbele, yaani za nyuma. Mshereheshaji, kwa kuwa watu walikuwa huku, naye akahamia huku na kipaza sauti chake. Mwishowe maharusi walipojiona wamebaki wawili na kisu, wakaja kuuliza kulikoni. Video ipo, ukitaka itazame: keki imesimama peke yake, haiguswi, na nyuma ya kamera unasikia ukumbi mzima ukilalamika kwamba mbona hakuna kinachoendelea.

6. Mimi. Huyu mtoto nimemtazama kwa kitundu hicho tangu anajifunza kutembea. Siku yake ya kwanza ya shule, alipong'oka jino, alipoimba kwenye kwaya akasahau maneno na kuendelea kufungua mdomo, yote niliyaona mimi kwanza. Jumamosi nataka nimwone vilevile, mimi na yeye, bila kamati. Najua hii si hoja ya kitaalamu. Nimeipa namba ili ihesabike.

Pamoja na hayo, najua ukishapania kununua kitu hushikiki. Kama ni lazima, basi monita hiyo isizidi kisanduku cha kiberiti. Juani isionekane kabisa, na kivulini ionekane kwa kubahatisha. Betri yake isivuke nasaha za wazee. Isiwe na kitufe chochote.

Muuza duka akikwambia hana ya namna hiyo, nunua ya inchi saba, lakini usiiunge na kamera yangu. Tuisimamishe kwenye kona ya ukumbi ikionyesha harusi ya mtu mwingine. Mashangazi watakwenda kusimama pale na kuiamuru isogee kushoto. Sitarajii kama kuna atakayegundua, kwa sababu harusi zote zina keki. Na kama hilo nalo unaliona gumu, nishonee kibanda cha kitambaa cheusi chenye zipu ya kufuli, nifungiwe ndani na kamera yangu, nibakishiwe tundu la lenzi tu. Ufunguo ukae kwako. Usimpe dada yako, maana yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuingia.

Naomba jibu kwa maandishi, lenye muhuri wa studio. Msalimie mkeo na watoto, mpigie magoti mama mkwe kwa niaba yangu, na mkumbushe fundi wa taa kwamba bado ana koti langu la mvua. Wengine wote wanaoniulizia, wape salamu bila kubagua.

Wako kwa kazi na kwa ukoo,

Mpiga Video Mkuu (na wa pekee),
Mume wa Dada yako

N.B. Barua hii ilishinda mfukoni kwa sababu leo tulikuwa ukumbini kufanya mazoezi. Mwanangu aliingia na ndala zake, kajitupia pazia la dirisha kichwani, kamshika mama yake mkono, anacheka. Nikaweka jicho kwenye kitundu. Picha ikaingia ukungu. Nikafuta lenzi, ukungu uleule. Nikatafuta kitambaa kingine, nikafuta tena. Waliingia upya, wakarudi, wakaingia upya, na sina hata kipande kimoja kinachoonekana. Lenzi haina kosa lolote, shemeji. Ni raba ya kitundu iliyolowa. Nunua ile inayong'aa hata juani, na Jumamosi uje wewe mwenyewe usimame begani kwangu, uwe unaniambia kama mwanangu bado yumo kwenye picha, kwa sababu mimi sitakuwa naona.