Kasa Mwenye Tetekuwanga

Jumatatu, 3 Mei 1999. Ukunda. Mvua.

Hatimaye! Bwana Nzai, meneja wa ile hoteli ya Diani inayokarabatiwa, amekuja dukani mwenyewe. Anataka nembo yake, kasa anayeogelea, ichorwe upya kwenye kompyuta kwa mistari safi, ili ikuzwe kutoka kwenye kalamu hadi kwenye lango bila kuharibika. Mchoro wa asili hakuna ajuaye ulipo. Zimebaki karatasi mbili tu za barua zenye kasa huyo. Moja yangu. Ya pili nimpe Jemima wa duka la ng'ambo ya barabara, maana leo yuko matangani Munje. Jumamosi meneja atazitazama kazi zetu, na mmoja wetu atapewa kazi zote za hoteli.

Jemima! Kompyuta yake ya juzi juzi! Mimi Enos nimetoka Bungoma nikaleta mashine ya kwanza ya kukata stika mjini hapa, halafu nishindanishwe? Nina hasira hata chai haipiti.

Mke wangu Jumwa amesema waziwazi: kazi hii ikinipita, duka tunafunga, tunahamia Taru nikachunge mbuzi wa kaka yake, Mwinga. Mbuzi! Mimi!

Jioni nimeichukua karatasi ya Jemima na kalamu ya wino. Nimemtia kasa nukta ndogondogo mwili mzima, kama mavi ya nzi. Programu yoyote ya kufuatisha picha itazichora zote. Nitampelekea kesho. Yangu, iliyo safi, nimeificha mahali ambapo hakuna atakayefikiria kutafuta: katikati ya makaratasi ya kutupa, chini ya meza.

Jumanne, 4 Mei.

Balaa! Kadzo, muuza viazi karai, amepita asubuhi kuchukua makaratasi ya kufungia viazi. Jumwa amempa rundo lote. Humpa kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, na mimi nikiona. Nimemfokea Jumwa. Akaniuliza karatasi ya maana ilitafuta nini kwenye takataka. Nikakimbia hadi kwa Kadzo. Viazi vimekwisha, wateja wameshakula na kwenda zao.

Basi imebaki ile yenye nukta, na hiyo sitoi! Nimemwambia Jemima kwamba meneja hajaleta kitu. Akasema hapana neno, inshallah ataleta, kisha akaniuliza hali yangu, hali ya Jumwa, hali ya nyumba na mvua inavyovuja. Unafiki mtupu!

Sasa natafuta programu itakayoondoa nukta nilizozitia mwenyewe. Kuzifuta moja moja kwa mausi? Hiyo ni kazi ya wanafunzi.

Jumatano, 5 Mei.

Programu ya kwanza: diski alizoninakilia Cliff, kijana wa mapokezi kwenye hoteli nyingine. Aliapa kwamba ni moto, buda, haina mpinzani. Kweli ina bidii. Kila nukta imeizungushia mstari wake, hata nukta ambazo sikumbuki kuzitia! Nikapeleka kwenye mashine. Kisu kikazunguka juu ya stika kama mwenye wazimu mpaka ikararuka vipande. Nimemwita Cliff tapeli. Akanikumbusha kwamba alinipa bure.

Alhamisi, 6 Mei.

Nimevuka feri hadi Mombasa, nikalowa, nikarudi na sidii yenye programu ya pili. Hii ina kidude cha kuongeza usafi. Nimekisukuma hadi mwisho. Nukta zote zimetoweka! Macho pia. Mapezi pia. Amebaki kiazi. Nikapunguza kidogo: kiazi chenye nukta. Nikaongeza kidogo: kiazi. Nimekaa na kidude hicho tangu adhuhuri. Hakuna mahali ambapo nukta zinaondoka na macho yanabaki!

Mwenye duka kule Mombasa alitabasamu akipokea pesa zangu. Sura yake sitaisahau.

Ijumaa, 7 Mei.

Programu ya tatu, iliyokuja bure ndani ya gazeti la kompyuta. Hii inauliza uchafu una ukubwa gani, kisha inaondoa huo tu. Nikajibu. Nukta zikaondoka, jicho likabaki! Kasa huyo hapo, anaing'ang'ania bahari yake, mzuri hata nikamwita Jumwa aje aone. Nikabonyeza kuhifadhi. Imekataa. Ni ya majaribio, nilipie kwanza, tena pesa nizitume Ulaya! Nikaipiga kompyuta kofi. Umeme ukakatika. Mtaa mzima, lakini Jumwa ananitazama kama ni kofi langu.

Ameanza kufunga sufuria kwenye masanduku.

Jumamosi, 8 Mei.

Nimempelekea Bwana Nzai kazi ya programu ya kwanza. Bora nukta kuliko kiazi. Akauliza kwa upole kama kasa anaumwa. Karani wake akasema ni tetekuwanga.

Akaingia Jemima. Shikamoo kwa wazee wote, kisha akafungua kasa wake. Safi! Macho, mapezi, kila kitu! Jumanne alinunua viazi kwa Kadzo, akaenda navyo dukani kwake, akavimaliza jioni, akaona kasa kwenye karatasi. Mafuta yalikuwa yameifanya ipenye mwanga, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akaweka karatasi nyeupe juu yake na kuufuatisha mstari kwa wino. Kisha akaingiza huo mchoro kwenye kompyuta. Kwa programu ipi? Ile ya diski za Cliff! Ile ile!

Halafu akanishukuru mbele ya watu. Alidhani meneja aliileta karatasi yake baadaye, nikamtumia kupitia kwa Kadzo.

Bwana Nzai akauliza nukta zangu zilitoka wapi. Nikasema ni ila ya kiwanda cha karatasi. Kazi amepewa Jemima. Njiani nimelia. Duka langu! Yote sababu ya Kadzo, Jumwa, Cliff na wale wachawi wa programu.

Jumapili, 23 Mei. Taru. Vumbi.

Kesho anakuja mnunuzi kutoka Mombasa. Anataka beberu mmoja, mweupe pe, asiye na doa, na ametangaza bei ya kumwezesha mtu kufungua duka upya. Weupe ni wawili tu hapa: wetu, wa Mwinga, na wa jirani yetu Menza, mtu wa kujisifu nisiyeweza kumvumilia.

Jioni nimemtembelea beberu wa Menza na kopo la rangi nyeusi lililobaki dukani. Nukta ndogondogo, mwili mzima.

Wetu nimemficha mahali ambapo hakuna atakayefikiria kutafuta: katikati ya mbuzi wa harusi ya kwa chifu, wale watakaochinjwa alfajiri.