Nilivyomwinua Injinia Kulthum

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tangazo ubaoni! Kiwanda chetu cha biskuti kinafungua tawi Ruiru na kinatafuta mkuu wa matengenezo. Ruiru! Nyumbani kwangu! Mimi Kagwe, msimamizi wa matengenezo hapa Thika tangu Madam Idah, meneja wetu, akiwa bado msichana wa shule. Nimeshaanza kujiona. Ofisi yenye pazia. Chai inaletwa kwa trei. Jioni natembea hadi nyumbani nikipungia majirani mkono.

Kuna kikwazo kimoja. Atakayepewa kazi lazima aonyeshe jinsi alivyosaidia wanawake wahandisi kusonga mbele. Nimewaza hadi uji ukapoa. Mwanamke pekee niliyewahi kumsaidia kiufundi ni mke wangu Tabby, siku ya kubadilisha mtungi wa gesi. Na hata hapo yeye ndiye aliyebadilisha, mimi nilishika tochi.

Karanja wa idara ya umeme naye anaitaka hiyo kazi. Anazunguka akisema ana mabinti watatu, basi rekodi yake ni safi. Tangu lini kuzaa kukawa rekodi ya kazi? Uamuzi utatolewa wikendi, baada ya wageni wa makao makuu kuja Ijumaa kuona tanuri namba mbili likiwashwa. Kwa hivyo kabla ya Ijumaa lazima nimpate mwanamke na nimwinue.

Jumanne, 4 Machi

Nimempata! Injinia Kulthum, yuko chini yangu. Ndiye anayelifufua tanuri namba mbili, lililokufa kabla ya Krismasi. Mpole, hodari, hana maneno mengi. Anafaa kabisa kuinuliwa.

Saa ya chakula nikamwalika hotelini kando ya geti, nikaagiza pilau sahani mbili ili nimpe ushauri wa maisha. Akaniambia kwa adabu kwamba amefunga. Ramadhani imeanza juzi. Lo! Nikamwambia asijali. Nikala sahani zote mbili huku nikimshauri ajiamini, aote ndoto kubwa, asiogope. Alinitazama muda mrefu, nadhani ushauri ulimwingia.

Akaniuliza kama nimesaini ombi lake la beringi za mkanda wa tanuri, ambalo limekaa mezani kwangu tangu Januari. Nikamwambia leo tunaongea mambo makubwa. Akasema bila beringi tanuri halitawaka Ijumaa. Nikasaini, shingo upande. Vijana wa siku hizi! Unawapa ushauri, wao wanataka vipuri.

Jumatano, 5 Machi

Karanja amenipiga chenga. Asubuhi amekuja na helmeti za pinki za wahandisi wa kike. Amezipaka mwenyewe. Madam Idah alipita, akatabasamu. Au labda alikunja uso, nilikuwa mbali. Tatizo, rangi haikuwa imekauka. Injinia Ngendo, ambaye ni mdogo wa Kulthum kikazi, ameshinda siku nzima na paji la uso la pinki. Nimefurahi sana.

Nikajibu mapigo. Mchana nikaitisha mkutano, "Changamoto za Mwanamke Mhandisi". Nikazungumza mimi. Niliwaeleza changamoto zao zote, na nyingine ambazo hata wao hawakuwa wanazijua. Muda ukaisha kabla hawajafungua mdomo. Tukiwa mlangoni, Ngendo akadakia kwamba ovaroli zote stoo ni za wanaume, suruali anaikunja mara tatu ndiyo aone viatu vyake. Tena choo cha wanawake kiko huko getini, ukienda ukirudi mashine imeharibika upya. Nikamwambia mkutano umefungwa, asubiri wa mwaka ujao.

Kulthum aliangalia saa, akakimbia tanurini kufidia muda. Kitheka, askari wa geti, ameniambia dada huyo amefuturu kwa maji na tende palepale kwenye sakafu ya kiwanda. Dhamiri ilinichoma kidogo. Ikapita.

Alhamisi, 6 Machi

Ushahidi! Ndicho kitu nilichokosa. Nani ataamini kwamba nimemwinua mtu kama hakuna picha?

Kiwandani kwetu, anayeingia ndani ya mashine hutia kwanza kufuli lake, lenye jina lake, kwenye swichi kuu. Ufunguo unakaa mfukoni mwake. Kufuli likiwepo, mwenyewe yumo ndani, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kulifungua. Watu watano wakiingia, makufuli matano. Hapo hata mwenye kiwanda hawashi.

Basi nikavaa ovaroli (imenibana tumbo, stoo wananunua vitu duni), nikaning'iniza kufuli langu kando ya la Kulthum, nikaingia tanurini hadi kiunoni. Ngendo akapiga picha. Safi kabisa! Nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda na maneno haya: "Niko ndani na akina dada. Sitoki hadi kieleweke!" Makofi kumi na moja. Karanja hakuweka hata kidole gumba. Wivu.

Nilipokuwa naondoka mbio kwenda kwa kinyozi, Kulthum akanikumbusha nitoe kufuli langu. Nikamwambia mimi nilianza kutia makufuli yeye akiwa nasari. Nikaondoka kwa heshima zangu.

Ijumaa, 7 Machi



Niliamka mapema nikamwambia Tabby naenda kazini, tanuri haliwezi kusubiri. Ukweli ni kwamba nilienda kwa fundi wa nguo hapahapa Ruiru kuchukua suti mpya. Tabby hajui habari za hiyo suti, tulikubaliana mwaka huu hakuna nguo. Simu nikaizima ili nifanye mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha fundi. Suruali ilikuwa fupi. Tukaanza kuishusha. Hotuba nayo ikarefuka.

Nikafika Thika jua limeshapanda. Kiwanda kizima kinaita jina langu. Kagwe! Kagwe! Nikajua tayari nimechaguliwa. Nikarekebisha tai, nikaingia nikipunga mikono yote miwili.

Kitheka ndiye aliyenieleza, huku akinishikashika mabega kama mtu anayehakikisha nyama ni mbichi. Asubuhi makufuli yote yalitolewa kwenye swichi isipokuwa moja. Langu. Kulthum alinipigia, simu imezimwa. Akampigia Tabby, Tabby akasema nilitoka alfajiri kwenda kwenye tanuri. Wakafungua kundi la WhatsApp. Mara ya mwisho kuonekana nilikuwa ndani ya tanuri, nikiapa sitoki.

Mkubwa wa wageni alikuwa na haraka. Akaagiza mkasi wa chuma, kufuli likatwe, mashine iwashwe, huyo mzee hakosi amelala mahali. Madam Idah naye akasema hakika siko ndani. Kulthum akasimama mbele ya swichi. Akasema "hakika" haitoshi, kama Kagwe yumo ataoka pamoja na biskuti, na hakuna atakayegusa kufuli hilo kabla tanuri halijakaguliwa mwanzo hadi mwisho. Mkubwa akapandisha sauti. Kulthum hakupandisha yake, na hakusogea. Akamtuma Karanja akazime umeme wote wa sehemu ile, wakafungua mabati ya pembeni, Ngendo akatambaa ndani akiniita kwa upole, eti Mzee Kagwe, jibu hata kwa kugonga.

Tabby alikuwa amefika kwa bodaboda, analia. Aliponiona alisema woi, Baba Maxine, uko hai! Akanikumbatia. Kisha akaishika kola ya koti, akaigeuza, akasoma lebo. Machozi yakakauka papo hapo.

Nikatoa ufunguo. Tanuri likawaka. Biskuti zikatoka nzuri, za rangi moja, wageni wakala. Kulthum aliwauliza tu kama ni ngumu au laini, maana yeye hawezi kuonja. Hotuba yangu hakuna aliyeiulizia.

Jumamosi, 8 Machi

Mkuu wa matengenezo, Ruiru: Injinia Kulthum.

Sikuwahi hata kufikiria kwamba anaweza kuiomba! Kumbe aliiomba Jumatatu ileile. Madam Idah amesema wanataka mtu asiyeweza kusukumwa na mkubwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Kabla ya kukubali, Kulthum alitaka mambo matatu: choo cha wanawake karibu na mashine, ovaroli za saizi zao, na Ngendo apelekwe kozi ya boila. Amepewa yote. Karanja amepewa kazi ya kukwangua rangi ya pinki kwenye helmeti.

Mimi nimepewa barua ya onyo. Jumatatu nitaketi na wafanyakazi wapya kusoma somo la makufuli. Mwalimu ni Ngendo.

Nimeumia. Naandika ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Kulthum alikuja kuniaga, akanishukuru kwa kusaini zile beringi. Alikuwa anasema kwa dhati, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniambia alipokuwa amesimama pale mbele ya swichi aliamini kweli niko ndani. Nikamwambia ajiamini.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala, nimeamka, nimeona mwanga.

Ni nani aliyempa Kulthum nafasi ya kung'aa mbele ya wageni? Mimi! Kama kila kitu kingeenda vizuri Ijumaa, angebonyeza kitufe, wangepiga makofi, wangekwenda zao. Bila mimi kupotea angeonyesha nini? Mjini Thika hakuna mwanamume aliyewahi kumwinua mhandisi wa kike haraka namna hii. Chini ya wiki! Nimemwandikia Madam Idah kumweleza hivyo, na kujitolea kuwa mshauri rasmi wa matawi yote mawili. Tabby ameisoma barua hiyo na hajazungumza nami tangu hapo, labda bado ni mambo ya suti.

Sasa zamu ya Ngendo. Maskini, anabaki Thika bila mtu wa kumwinua. Kozi na ovaroli ni sawa, lakini dada huyu anahitaji janga lake mwenyewe. Nimeliwaza kanisani mahubiri yote, hadi wakaniamsha kwa sadaka. Shida ni kwamba tanuri namba moja linafanya kazi vizuri mno. Hilo nitalishughulikia kesho asubuhi, kabla ya somo.