Belvara Isipone, Isife

Jumamosi, 4 Mei

Kiwanda cha Belvara kimefungwa. Ndiyo habari ya leo. Katibu wa Chama cha Wapenzi wa Belvara ameileta mlangoni asubuhi, kofia mkononi, uso umemshuka. Nikadhani kuna mtu amekufa. Kumbe ni magari! Eti hawatatengeneza tena, wala spea hawatatoa, hata parafujo. "Shemeji, tumebaki yatima," akasema. Mtu mzima, mstaafu wa ofisi ya ramani, mwenye wajukuu. Yatima!

Nikampa pole. Nikafunga mlango. Ndipo nikaanza kuogopa.

Maana hiyo Belvara iliyo uani kwangu si gari tu. Marehemu mume wangu aliipenda mpaka nikaiita Mke Mwenza. Jumapili zake zote zilikwisha chini ya tumbo la gari hilo, na mimi nimemshikia tochi. Alipofariki, mwanangu akarithi mapenzi yaleyale. Na mwanangu, niseme kweli, haji kwa ajili yangu. Nikiumwa mimi ananitumia ujumbe: pole mama, kunywa maji mengi. Ikiumwa Belvara anakuja mbio na soksi za rangi mbili.

Basi ikawa lazima iumwe. Kila inapopita wiki mbili tatu naitafutia ugonjwa mdogo. Shule sikufika mbali na kuendesha sijui, kazi yangu ni kuiwasha tu kila Ijumaa isigande. Lakini tochi nimeishika miaka. Najua pa kulegeza.

Leo nimelegeza waya wa betri. Nikampigia, nikasema imegoma, hata kukohoa haikohoi. Kesho anakuja. Nyama ninayo.

Jumapili, 5 Mei

Amekuja na mkewe. Salamu ya haraka, moja kwa moja uani. Akafungua boneti, akakaza waya, ikawaka. Maji ya chai hayajachemka! Nimejilaumu sana. Ugonjwa mwepesi mno.

Akabaki amesimama, kiganja juu ya boneti, macho yamejaa machozi. Akaniambia kiwanda kimefungwa. Nikajifanya sijui. Akasema kuanzia sasa niwe mwangalifu mno, maana kitu kikubwa kikivunjika ndiyo basi, hakuna pa kukipata. Siku tuliyomzika baba yake alisimama mkavu kama ukuta.

Nikasema chakula kinaiva. Akasema, "Mama, tumeshakula, tumepita tu." Mkwe alikuwa ameshaingia garini. Gari lao ni jipya, halina sauti, linaondoka kama mwizi. Mimi gari lisiloumwa silielewi. Na mkwe wangu yuko hivyohivyo, hajawahi kuniomba hata kidonge cha kichwa.

Nimekula peke yangu. Mchuzi ulikuwa mtamu, ndicho kilichoniuma zaidi.

Jumatano, 8 Mei

Chama cha Wapenzi wa Belvara kimekutana sebuleni kwangu kuomboleza. Mimi nakaa kwenye kiti cha marehemu. Zamani yalikuwa magari tisa, yakipita kwa msururu watu wanatoka madukani kutazama. Sasa yanayotembea ni mawili, letu na la Katibu. Mengine yako wapi? Yameliwa. Ndivyo walivyo hawa watu. Gari la mmoja likifa, wenzake wanakuja kumpa pole na spana mifukoni. Mwokaji mikate, injini yake ilipokufa, hajamaliza kueleza ilivyotokea, milango imeshang'olewa. Leo iko kwa Katibu, milango myeupe kwenye gari la bluu. Mwokaji huitazama kila kikao, halafu anatazama pembeni.

Wamelia kwa zamu. Mwokaji akasema magari ya siku hizi yote yana sura moja, kama mayai kwenye trei, mtu hata ukiibiwa hujui uonyeshe lipi. Katibu akasoma hotuba. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo, na mimi machozi yalinilenga.

Halafu wakati wa chai akanisogelea, akaniuliza giaboksi yangu inaendeleaje. Kwa upole! Kama mtu anayemjulia hali mjomba tajiri huku anajua wosia unasemaje.

Nikamwambia, "Shemeji, giaboksi yangu itakuzika."

Mwokaji alicheka mpaka chai ikampalia. Katibu naye akacheka, akasema ananitania tu. Mtani gani! Kuondoka hakupita mlango wa mbele. Alizunguka uani, nikamwona dirishani anaipapasa taa ya nyuma kama anachagua embe.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepata! Ugonjwa wa kutwa nzima!

Ule mpira wa rejeta una kibano kwa chini. Nimekilegeza kwa bisibisi. Maji yanatoka tone, tone. Atakuta rejeta kavu, atajaza, itakauka tena, atavua hiki, atavua kile, chakula cha mchana kitamkuta, chai ya jioni itamkuta. Na hakiharibiki kitu, mradi mtu asiwashe injini. Nani wa kuiwasha? Mimi tu.

Nikampigia. Nikasema kuna maji chini ya gari na moyo unanienda mbio. Akashtuka kwelikweli. Nikafurahi. Kisha akasema Jumapili hii hawezi, ana shughuli kwa wazazi wa mkewe. Kwa wazazi wa mkewe! Nikasema si neno mwanangu, itasubiri. Akasema hapana mama, maji si ya kusubiri, nampigia Katibu yuko karibu, kesho aje aitazame.

Katibu! Nimeomba daktari, nimeletewa mchimba kaburi.

Nikatoka na bisibisi niende kukikaza. Nikafika nusu ya ua, nikasimama. Katibu akikuta gari zima, atamwambia kijana mambo shwari. Na mambo yakiwa shwari kijana haji, si Jumapili hii wala ile nyingine. Bora Katibu ashindwe. Akishindwa, mwenyewe atakuja.

Nikarudi ndani na bisibisi yangu.

Jumamosi, 11 Mei

Nianzie wapi.

Katibu amekuja na ovaroli iliyopigwa pasi. Chini ya gari hakuchungulia. Akasema injini kwanza husikilizwa, ndipo iguswe. Akawasha. Mimi ndiyo natoka na sinia la chai.

Ningesema nini? Zima shemeji, haina maji? Angeuliza nimejuaje kama imekwisha yote. Yangemfikia mwanangu kabla ya jua kuzama. Nikasema chai tayari. Akanyoosha kidole, nisikilize, sauti hii dunia haitaitengeneza tena. Akafumba macho. Akaanza kunihadithia siku aliyoshindana na marehemu kupanda mlima, marehemu akamwacha, akamngojea juu kileleni anakula chungwa. Nikasema chai inapoa. Akasema chungwa lenyewe alimgawia nusu. Vikombe vinagongana kwenye sinia. Nikasema shemeji, tumeshasikia, sauti ni nzuri. Akasema bado kidogo.

Mvuke. Kisha harufu. Kisha ndani kitu kikalia ta! Kisha kimya.

Katibu akakaa chini na ovaroli yake safi, akalia. Kwa jicho moja. La pili lilikuwa linahesabu taa.

Jumapili, 12 Mei

Amekuja! Wakwe amewaacha, amekuja peke yake kabla hata sijafungua madirisha.

Mungu anisamehe, hii imekuwa Jumapili nzuri kuliko zote tangu baba yake afariki. Kutwa nzima! Kavua shati, kaifungua injini, mimi nimeshika tochi. Mchana kala sahani mbili amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mikono na mafuta yake, kama zamani. Kanisimulia baba yake alivyomfundisha kusikiliza plagi. Kanichekesha. Nikasahau kabisa kwamba tuko kwenye matanga.

Mchana ulipogeuka akaninyooshea kipande cha chuma. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Imepasuka, ufa unapita katikati. Haitengenezeki, na nyingine haipo popote. Kisha akashika kile kibano. Akakizungusha kwa vidole, kikazunguka chenyewe.

Akaniuliza nani amekigusa.

Nikasema labda panya.

Akasema, "Mama, panya gani ana bisibisi?"

Nikasema panya wa siku hizi huwawezi. Hakucheka. Akakigeuza kibano kwenye mwanga wa tochi. Kisha akainamisha kichwa, akasema atakuwa ni yeye. Mwezi uliopita alikifungua kusafisha. Hakukikaza vizuri. Gari la baba limefia mikononi mwake.

Nikafungua mdomo nimwambie. Naandika hapa kwamba nilifungua.

Nikamwongeza nyama.

Jumanne, 14 Mei

Wamekuja kuichukua, Chama kizima, spana mifukoni. Mwanangu ndiye ameamua. Amesema ya baba imekufa kwa uzembe wake, basi viungo vyote viende kwa Katibu, angalau Belvara moja ibaki hai. Katibu alimkumbatia. Akataka kunikumbatia na mimi, nikajifanya nina unga mikononi.

Giaboksi ilitoka mwisho. Watu wanne wameibeba, vichwa chini. Mwokaji alibaki nyuma, akaniambia pole, anajua inavyouma. Huyo peke yake ndiye aliyekuja bila spana.

Mwanangu aliniaga kwa furaha ya kunionea huruma. "Sasa utapumzika, Mama. Hutasumbuka tena na gari bovu."

Uani kumebaki doa la mafuta. Miaka yote nilitamani Mke Mwenza aondoke nibaki peke yangu. Ameondoka. Nimebaki mke mmoja wa mume asiyekuwepo, na mtoto haonekani.

Jumapili, 19 Mei

Nimepika tangu asubuhi. Nikavaa lile gauni la kahawia. Saa sita, hayupo. Saa nane, hayupo. Nikampigia kumuuliza kama yu mzima. Kwa nyuma nikasikia injini. Ile sauti naijua, nusu yake ni ya kwangu!

Yuko kwa Katibu. Mtaa wa tatu kutoka hapa! Yuko huko tangu asubuhi. Amesema amejiapiza, hii moja iliyobaki haitafia mikononi mwake, kila Jumapili atakuja kuikagua. Kila Jumapili! Yangu mpaka iumwe ndiyo aje, na hii ya Katibu ni nzima, inatembelewa nzima! Na mkwe yupo, amekaa kivulini anakunywa chai na wajukuu wa Katibu. Kwangu hakuwahi kuteremka garini akatulia. Wamekaangiwa viazi. Amekula sahani mbili, ameniambia mwenyewe, na sauti imejaa shibe.

Nikamwambia mwanangu, si upite basi, ni hapo tu.

Akasema, "Nitapita siku moja, Mama. Wewe si huna tatizo lolote sasa?"

Nikasema sina.

Chakula nimempa jirani. Amesema nimezidisha chumvi. Inawezekana.

Jumatatu, 20 Mei

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na akili mpya. Kosa langu nimeshalijua. Halikuwa kulegeza. Kulegeza nilikulegeza vizuri. Kosa lilikuwa kulegeza gari la uani kwangu, wakati kuna lingine hapo mtaa wa tatu linamsubiri mwanangu.

Sasa imebaki moja tu. Kiwanda kimefungwa, kuzaliwa nyingine hakuna. Hii nayo ikienda, Belvara itakuwa imekwisha duniani, mwanangu hatakuwa na pa kwenda Jumapili. Atarudi wapi kama si kwa mama yake?

Nimeoka keki, nimempelekea Katibu. Ameshangaa mpaka kofia ameivua mara mbili. Ameniambia alidhani nina kinyongo. Nikasema kinyongo cha nini, shemeji, sisi ni ndugu. Akanitembeza kulizunguka gari, akafungua boneti yeye mwenyewe, akanionyesha kila kitu kilipo. Nimeuliza maswali ya kijinga kijinga, amejibu yote. Oili inatolewa wapi? Hapa chini, shemeji, kwenye kizibo hiki. Na hakilegei chenyewe? Hakilegei, labda mtu akilegeze. Na wewe mchana huwa unalala? Saa nzima, shemeji, daktari ameniamuru.

Nimemwambia Jumatano nitakuja tena. Machozi yamemlenga, safari hii macho yote mawili. Akanishika mkono mlangoni, akasema marehemu angeniona leo angefurahi, maana hatimaye na mimi nimekuwa mpenzi wa kweli wa Belvara.