Kamati ya Kumshika Mtazamaji

Tarehe kumi na nne Mei, asubuhi ya khamsini, ule upepo wa vumbi wa jangwani: uliamka kabla ya waadhini, na jua likaning'inia juu ya mji wa Mit Nabaq likiwa na rangi ya supu ya dengu. Katika hali hiyo ya hewa, ambayo haikuwa imeombewa kibali, Mkurugenzi wa Nyumba ya Utamaduni, Bwana Wagdi Abu Sinna, alitangaza kwa kipaza sauti kuundwa kwa Kamati ya Kudumu ya Kumshika Mtazamaji. Mwenyekiti alikuwa yeye. Katibu alikuwa yeye pia, ili kuepusha mivutano.

"Kuanzia leo," alisema akitema vumbi, "hakuna raia atakayesinzia mbele ya utamaduni!"

Tatizo lilikuwa la kweli. Tamthilia ya kale ya kadhi aliyefunga kisima ilichezwa jukwaani kila mwaka, na kila mwaka ukumbi ulilala. Sasa wakubwa wa Kairo walitaka iwe filamu, tena ya kisasa: kadhi avae suti, kisima kiwe bomba la mtaani. Gavana angekuja mwenyewe kuitazama. Bwana Wagdi alikuwa amenong'onezwa kwamba watu wakikaa macho siku hiyo, atahamishiwa Kairo, kwenye ofisi yenye zulia. Alikuwa akimwomba Mungu zulia hilo katika kila sala, mara tu baada ya kuwaombea wazazi wake.

Lililobaki lilikuwa suala dogo la maji.

Mbele ya Nyumba ya Utamaduni palikuwa na mashine ya maji baridi, yenye mabomba mawili na kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo. Hajati Galila, fundi cherehani, aliiweka pale iwe sadaka ya marehemu mumewe, ili kila anayekunywa amwombee rehema. Bahati mbaya, watu waliitumia. Bwana Wagdi alitambua hatari iliyokuwepo, maana kitu kikitumiwa huchakaa, basi akaiingiza ofisini kwake na kufunga mlango. Tangu siku hiyo haikuchakaa hata kidogo. Yeye mwenyewe aliihakiki mara kwa mara, kwa glasi.

Hajati Galila alikuja kuuliza hadi viatu vikalegea.

"Mwanangu, maji ya marehemu yatatoka lini?"

"Hajati, yamo katika hifadhi."

"Hata marehemu yumo katika hifadhi. Huko aliko anangoja dua za watu, na wewe umemfungia mlango."

"Suala lako liko mezani."

"Nimeliona. Umeliwekea glasi juu yake."

Kwa hiyo Insaf, mwongozaji wa filamu aliyetoka Tanta, alipotafuta mwanamke wa kucheza mjane anayemwuliza kadhi juu ya maji, Hajati Galila alijileta mwenyewe. Hakuhitaji kufundishwa. Alisimama mbele ya kamera kama anavyosimama mbele ya ofisi.

Bwana Wagdi alikwenda kukagua kazi katika chumba cha kuunganishia picha. Insaf alimwonyesha mjane: kwanza mtu mdogo mwisho wa barabara, kisha kamera ikamsogelea taratibu, mpaka uso wake ukajaza skrini nzima, na kila mkunjo ukaonekana.

"Hapa ndipo mtazamaji anaposhikwa, Mheshimiwa," alisema Insaf. "Jukwaani mjane yuko mbali, unamhurumia kwa adabu tu. Uso ukikujia hivi huna pa kukimbilia."

Bwana Wagdi alirudi nyuma hatua mbili. "Uso huu una urefu gani ukumbini?"

"Unagusa dari."

"Na wa afisa?"

"Afisa gani?"

"Hapo ndipo penye kasoro. Raia hawezi kugusa dari peke yake." Akafikiri, na Kamati ikafikiri pamoja naye. "Naagiza mizania. Kila uso wa raia ukitokea, ufuatwe mara moja na uso wa serikali, kwa ukubwa uleule."

"Aliyecheza kadhi amekwenda Iskandaria kwenye tangazo la samli. Amenyoa ndevu, simpati tena."

"Basi nitajitolea," alisema Bwana Wagdi, haraka kidogo kuliko mtu aliyelazimika.

Walimpiga picha mezani kwake. Aliulizwa aseme nini, akajibu kwamba uso wa serikali hausemi. Alitazama mbele kwa heshima. Ila vumbi la khamsini lilikuwa limemkausha koo, na kamera ikiwa bado inazunguka alinyoosha mkono, akachukua glasi iliyotoka kwenye mashine sasa hivi, ikiwa na ukungu wa baridi pembeni, akainywa polepole mpaka tone la mwisho, kisha akapangusa masharubu.

"Hapo mwisho nitapaondoa," alisema Insaf.

"Usiguse! Panaonyesha utulivu."

"Mheshimiwa, niruhusu nikutahadharishe. Picha mbili zikiwekwa pamoja, watu husoma jambo la tatu ambalo halimo katika yoyote."

"Hilo la tatu halijaidhinishwa."

"Halingoji kuidhinishwa."

"Binti, weka kama nilivyoagiza. Kila nilipopaswa kuwepo, niwepo."

Insaf akaweka kama alivyoagizwa.

Siku ya maonyesho, baada ya sala ya alasiri, ukumbi ulifurika. Gavana alikaa safu ya mbele na chupa ya maji baridi, iliyojazwa kwenye mashine, aliyokaribishwa nayo ofisini kwa Mkurugenzi. Taa zikazimwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kadhi yule, hakuna aliyesinzia. Watu waliacha hata kumenya mbegu za maboga. Kwenye giza Bwana Wagdi alianza kuchagua rangi ya zulia.

Mjane akaja kutoka mwisho wa barabara. Kamera ikamsogelea. Muziki ukakatika ghafla, ukabaki mlio wa bomba kavu. Uso wa Hajati Galila ukagusa dari, na midomo yake iliyopasuka ikauliza, "Nani amefunga maji ya watu?"

Ikaja mizania. Bwana Wagdi, mkubwa kama jengo, akatazama mbele kwa heshima, akachukua glasi, akanywa, akapangusa masharubu.

Mtu akasema kutoka nyuma, "Kwa afya yako, mkubwa!" Paa likataka kuondoka kwa kicheko.

"Tubakizie na sisi!"

Mjane akatokea tena, chozi likishuka. "Tuna watoto."

Bwana Wagdi akanywa tena. Picha ilikuwa ileile, hapakuwa na nyingine.

"Huyu hashibi?" alipiga kelele mwuza bajia za taamiya mmoja. "Mnyang'anyeni glasi, tumbo litapasuka!"

"Na marehemu mume wangu je?" aliuliza mjane kwenye skrini.

Bwana Wagdi akapangusa masharubu. Sasa hakuna aliyecheka. Wanawake walianza kusema "Hasbiya Llahu", wakimshtakia Mungu, na waliomjua marehemu wakamgeukia Hajati Galila pale alipokaa.

"Washeni taa," alisema Gavana. Zikawaka. "Mkurugenzi, mimi nimeshikwa. Hayo maji ni ya filamu au ni ya kweli?"

"Mheshimiwa, ni... ni chombo kilicho katika hifadhi ya muda, kwa mujibu wa..."

"Ni ya kweli," alisema Hajati Galila akisimama. "Yako ofisini kwake, nyuma ya mlango wenye kufuli. Hata hayo unayokunywa wewe, baba, ni sadaka ya mume wangu. Kunywa, lakini mwombee."

Gavana alitazama chupa yake. Aliiweka sakafuni, akaisukuma kwa mguu chini ya kiti taratibu, ikaanguka na kubingirika mpaka katikati ya ukumbi, mbele ya watu wote.

"Mungu amrehemu," alisema Gavana kwa sauti ndogo. Kisha kwa kubwa zaidi: "Mkurugenzi, sema kitu!"

Bwana Wagdi alisimama. Ukumbi mzima ulimtazama, kwa karibu sana.

"Kamati itakaa..."

"Kamati ni wewe, na umeshasimama!" alisema mwuza taamiya.

"Mashine... mashine itarudishwa barabarani."

"Na nani, mwanangu?" aliuliza Hajati Galila. "Sema wote wasikie. Sauti ya serikali imekuwa ndogo leo."

Bwana Wagdi aliinua mkono wa kulia.

"Naahidi," alisema, "mbele ya Mungu, mbele ya Mheshimiwa Gavana na mbele yenu nyote: kabla ya adhana ya magharibi nitaibeba mimi mwenyewe mpaka barabarani, nitaifungulia mabomba yote mawili, nami nitakunywa baada ya mtu wa mwisho."