Kliniki ya Kamera na Chai ya Maombi

Jumatatu, 9 Machi
Tumbo linaniwaka tena. Ijumaa mkaguzi wa leseni anakuja hapa Ruiru kuona kliniki yangu ya kupima watu tumbo kwa kamera. Akinikatalia, nafunga kabla ya kufungua. Na kanisani nimeshatangazwa kama Mkurugenzi! Sheria inataka manesi wawili: mmoja akae na mgonjwa, mwingine aoshe kamera. Niko na mmoja, Kamene. Halafu Daktari Khisa, niliyemwajiri apime wagonjwa, anasema hata hili tumbo langu lipimwe. Mimi nimeze ule mpira wenye kamera? Wapi!

Jumanne, 10 Machi
Nimepata dawa. Binamu yangu Shiko huosha watu nywele kwa saluni kule Kahawa Wendani. Kuosha ni kuosha. Nimemvalisha yunifomu ya Kamene, nikamwambia Ijumaa asimame karibu na sinki na anyamaze. Amekubali, ila kucha hakati. Kamene akasema yeye hajaona kitu. Hiyo sauti sikuipenda.

Alhamisi, 12 Machi
Balaa. Mkaguzi anataka kuona mgonjwa mmoja akipimwa mwanzo mpaka mwisho. Nimembembeleza tata Ngendo, shangazi yangu wa Gatongora, mwenye kiungulia cha miaka. Nimemwonya kesho asile wala asinywe. Akasema nisimfunze kufunga, yeye hufunga na kuomba kila mwezi. Kisha nikaalika akina mama wa kanisa waje wabariki kliniki asubuhi. Mkaguzi akikuta watu wanaomba, ataanzaje kuuliza maswali makali? Akili ni nywele. Mimi mwenyewe chakula hakipiti tangu jana, ni wasiwasi tu.

Ijumaa, 13 Machi
Akina mama walikuja na birika kubwa za chai, nduma na chapati. Nani asiyejua maombi hayaishi bila chai? Mimi! Nikimwonyesha mkaguzi vitanda, nikamwona tata Ngendo kwa kona na chapati ya pili. Nikamuuliza mbona. Akasema imeombewa, na kukataa ni madharau. Daktari akavua glavu, akasema aliyekula hapimwi, anaweza kutapika na kupaliwa. Mkaguzi akaanza kufunga faili. Ndipo Daktari akauliza ni nani hapa hajala. Wote wakaniangalia, wakitafuna.

Nikalala kitandani. Kamene akanidunga sindano ya kulegeza mwili na kuleta usingizi. Nakumbuka nikijiambia mambo yamenyooka.

Jumamosi, 14 Machi
Ya baada ya sindano sikumbuki hata neno, lakini Kamene amenisimulia kwa furaha isiyofaa. Eti nilipoanza kuzinduka nilimshika mkaguzi mkono, nikamwambia nywele zake zimechoka, aende saluni kwa huyu nesi wetu. Mkaguzi akamgeukia Shiko, akamuuliza kamera huoshwaje. Shiko akasema shampuu kwanza, kondishena baadaye.

Leseni hakuna. Nimepewa wiki mbili nilete nesi wa pili mwenye cheti. Daktari amekuta kidonda tumboni, amenipa dawa na kuniambia nipunguze mambo mengi.

Nimekaa nikafikiria, nikaona kosa lilikuwa wapi. Ni chai. Mara hii akina mama watakuja mikono mitupu. Shiko nimemnunulia wigi na miwani, mkaguzi hatamjua. Na kucha amekubali kukata.