Malalamiko ya Marehemu Mtarajiwa

Kwa mwanangu wa kwanza, mwandishi wa wasifu wangu,

Pokea salamu kutoka kitandani. Nimeusoma wasifu utakaosomwa siku ya kunizika, ule ulioniletea nikusahihishie Kiingereza. Kiingereza chako hakina dosari, nilikufundisha mwenyewe. Ila nilikufundisha pia kwamba katika lugha ile, unayemtanguliza mbele ya kitenzi ndiye unayembebesha sifa au lawama. Kwa kuwa muda wangu ni mfupi, nalalamika rasmi:

1. Umeandika kwamba Baba alijenga nyumba. Baba alikuwa masomoni. Mama yako ndiye aliyebeba maji ya zege na kumuuliza fundi, "Ukuta umelewa, au ni wewe?" Mimi nilichagua rangi ya sebule, naye akaipaka upya nilipotoka.

2. Eti Baba alilea watoto watano. Mwanangu, nilikuwa nakuita kwa majina ya wadogo zako wote mpaka ukaitika kwa huruma.

3. Baada ya kunitanguliza kila mahali, hapa nimetoweka ghafla: binti wa pili "aliondoka nyumbani". Aliondoka? Dada yako alichagua cherehani badala ya chuo, nami nikalitupa sanduku lake nje nikafunga mlango. Siku ya kunizika atakuwa ameketi palepale, mbele ya wakwe zake, akisikia kwamba kosa lilikuwa la miguu yake. Andika: Baba alimfukuza binti yake. Sentensi fupi, haitakusumbua.

4. Mama yako ametajwa mara moja tu, mwishoni kabisa, katika orodha ya vitu nilivyoviacha.

5. "Ametutoka." Yaani unanipa kazi ya kutenda wakati hata kijiko kimenishinda kuinua!

Kwa hiyo naomba mbele ya kila kitenzi kizuri umweke mama yako. Mimi nibakizie kuzaliwa, kufukuza na kukoroma. Na kwa kuwa wasifu utakuwa wake wote, asomewe yeye, akiwa hai, kwenye kiti cha mbele, apigiwe makofi. Mimi naweza kuzikwa kesho yake, kimyakimya, watu wakishapumzika.

Nisalimie mkeo, wajukuu na majirani wanaokuja kuchungulia kama bado napumua. Dada yako umsalimie kabla ya wote.

Ni mimi baba yako, hai hadi kufikia mstari huu.

N.B. Mikono yangu haishiki kalamu tena, hivyo barua hii ameiandika mama yako. Namba moja na namba nne ni maneno yake. Namba tatu ameitunga yeye yote, nami nikaikubali baada ya kunyimwa chai tangu asubuhi. Hata hivyo, ukiisoma mbele ya watu, tafadhali sema kwamba Baba aliandika.