Mashada Tisini na Sita

Jumatatu, 17 Novemba

Mke wangu Ok-ran kanipa won milioni moja na laki nne, pesa za friji la kimchi. Lile la zamani limekufa. Jumamosi shemeji yake Gi-beom analeta kabichi themanini za kutiwa chumvi na pilipili ziwe kimchi, na friji lazima liwe ndani. Nimesema ndiyo, tena kwa moyo mweupe kabisa!

Halafu nikafungua simu. Hisa za Cheongmyeong: won 412. Rahisi kuliko kahawa ya mashine! Zamani walitengeneza vifungo vya nguo. Sasa wanasema wana mgodi wa madini ya betri. Uko wapi? Hawasemi. Hesabu za mwaka hazijatoka. Ofisini nimepiga mara tisa, simu inaita tu. Tovuti yao bado ina salamu za mwaka mpya wa juzi. Kwenye jukwaa la wenye hisa, bwana mmoja anaandika itapanda kwa sababu imeshuka sana. Huo ndio uchambuzi! Sasa mtu mzima afanyeje?

Jumanne, 18 Novemba

Nimekwenda kiwandani mwenyewe, mabasi mawili. Mlinzi kanizuia. Nikamuuliza kama ndani kuna kazi. "Mzee, mimi nalinda geti, silindi mgodi." Hana adabu! Lakini kwenye kioo cha kibanda chake nimeona tangazo: mama mzazi wa mwenyekiti amefariki, msiba uko ukumbi wa hospitali.

Nimekaa kituo cha basi, akili ikafunguka. Aliyefilisika hatumiwi shada la maua na mtu. Mwenye nazo hutumiwa mpaka ukuta hauonekani. Nitahesabu mashada! Miaka thelathini nilikagua lifti, kuhesabu najua.

Jumatano, 19 Novemba

Suti nyeusi inanibana. Bahasha ya rambirambi: won elfu hamsini. Nimeinama mara mbili mbele ya picha ya marehemu. Bibi wa watu ana uso mwema, kama wa mama yangu. Nimelia kweli. Mwenyekiti kaniuliza tulifahamianaje. Nikasema alipenda lifti. Akasema ni kweli, miguu ilimsumbua sana.

Mashada tisini na sita! Ukumbi umefurika wanaume wa makamo, suti zinawabana. Nafasi ya kula nimeipata kwa taabu. Na nani yuko mbele yangu, anakunywa supu ya pilipili? Gi-beom! Mwanyumba wangu, mdogo kwangu kwa miaka minne, ila kwa kuwa kaoa dada mkubwa lazima nimwite kaka. Kaniambia marehemu alikuwa jirani yake wa zamani. Mwongo! Nikasema alikuwa jirani yangu pia. Tukaendelea kula.

Nimenunua nikiwa chooni, kabla soko halijafungwa. Pesa yote.

Alhamisi, 20 Novemba

Imepanda asilimia kumi na mbili! Ok-ran kauliza friji. Nikasema liko njiani. Nimeanza kutazama ya milango minne. Ningeuza leo, lakini mashada tisini na sita jamani!

Ijumaa, 21 Novemba

Mkaguzi wa hesabu kagoma kutia saini. Hisa zimesimamishwa. Huuzi, hununui. Pesa imekwama ndani kama mtu kwenye lifti.

Nimekimbilia jukwaani. Bwana mmoja analia: alikwenda msibani, akaona umati, ndipo akanunua. Wa pili akajibu: hata mimi, nilikaa karibu na mlango. Wa tatu: mimi nilituma na shada, nisionekane mtu wa ovyo. Mpaka sasa wamefika hamsini na kitu! Ukumbi mzima tulikuwa sisi! Tulikuwa tunahesabiana!

Jumamosi, 22 Novemba

Ok-ran kapanga mabeseni tangu alfajiri. Mlango ukagongwa: Gi-beom na mkewe. Kabichi kumi na moja. Ok-ran akauliza kama nyingine ziko garini. Gi-beom akatazama soksi zake. Mimi nikatazama zangu. Ok-ran akatazama pembe isiyo na friji.

"Baba Hye-rin. Friji liko wapi?"

Hapazi sauti huyu mwanamke, ndiyo shida. Yote yakatoka, yangu na ya Gi-beom. Pesa za kabichi nazo ziko mgodini! Dada mtu akauliza, hivi hakuna hata mmoja aliyejiuliza umati wote ule ulitoka wapi? Gi-beom akasema tulidhani ni ndugu. Wale dada wawili wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha Ok-ran akaacha kucheka. Kimchi hii, akasema, haifiki mwaka mpya. "Baada ya hapo utakula wali na mashada."

Nimeona haya. Alikuwa ameshavaa glavu za kupakia kabichi pilipili.

Jumapili, 23 Novemba

Wake zetu wamechanga laki tatu za friji kuukuu. Wametutuma wawili, tuchungane.

Nimejifunza. Msibani sirudi! Msibani anaingia yeyote, hesabu haina maana. Njiani Gi-beom akasema kuna kiwanda cha taa, hisa won 290, mwenyekiti anaoza binti saa sita, tena papa hapa jirani. Nikamwambia, kaka, harusini ni tofauti. Harusini ukitoa bahasha unapewa tiketi ya chakula, na tiketi zina namba! Hakuna kubahatisha.

Yake 611. Yangu 612. Wageni mia sita! Na foleni ya chakula imejaa watu wazito: wanaume wa makamo, suti zinawabana.

Kesho soko linafunguliwa saa tatu.